Miyoo Mini Plus: elfu 25 ya kuwekewa Onion usiitoe, kanunulie kadi

Nianze na bei maana najua ndo mnachotaka kwanza. Miyoo Mini Plus imenifika mkononi hapa Unguja kwa laki na sabini hivi, imetoka China, ikapita Dar kwa jamaa anayeleta vitu vya simu, ikavuka na boti pamoja na mizigo yake. Ukiagiza mwenyewe mtandaoni inashuka kidogo ila uwe na subira, na ushuru uuwekee akiba pembeni. Pesa hiyo mie sijutii hata kidogo. Kinachonitoa maneno leo ni ile elfu 25 ya juu, ukenda nayo kwenye maduka ya simu mjini unaambiwa lazima utoe ndo "uwekewe sistimu", yaani Onion, wakati hiyo sistimu ni ya bure, wameiandika watu wa kujitolea, iko wazi mtandaoni kwa yeyote, na kuiweka ni kazi ya mtu mwenye laptopu na nusu saa bila ya kelele za watoto.

Kwa asiyekijua hichi kifaa, ni kigemu cha mkononi kinachoingia mfuko wa suruali, kioo juu vitufe chini, umbo lile lile la Game Boy. Kimetoka mwanzoni mwa 2023, mwenzake mdogo kwa umbo, Miyoo Mini ya inchi 2.8, ndo iliyotangulia. Hii kioo chake inchi 3.5, pikseli 640 kwa 480, betri 3000mAh ambayo unafungua kifuniko cha nyuma unaitoa kama Nokia za zamani, waifai ipo, na ndani kuna chipu ya SigmaStar ya kori mbili na RAM ya MB 128. Ndio, MB, sio GB. Simu yako inaipita mbali sana. Lakini gemu za miaka ya 80 na 90 zinataka nini zaidi ya hapo? Famicom, Super Famicom, Mega Drive, Game Boy zote mpaka Advance, na PlayStation ya kwanza, karibu zote zinakwenda vizuri. Kioo chenyewe ndo kilichonimaliza, rangi zimekolea na vile vidoti vya gemu za zamani vinatoka vikali, nikicheza hizi gemu kwenye tivi kubwa ya nyumbani naona uji tu, hapa naona mchoro.

Sasa ukiiwasha ilivyotoka kiwandani inafanya kazi, sikatai. Menyu ipo, unachagua gemu, unacheza. Ila ni ile menyu ya kufanya yaishe, setingi chache, na mambo ya kusevu unajitizamia mwenyewe. Ukishaitia Onion ndo unajua ulinunua nini. Ndo maana nasema kifaa ni cha kawaida, fimwea, yaani sistimu inayokiendesha, ndo kila kitu, na nikikipa kifaa kitupu alama sita kwa kumi basi na Onion kinapanda mpaka tisa bila ya mimi kuongeza hata shilingi.

Hiyo huduma ya kuwekewa nimeitizama kwa karibu. Binamu yangu wa Fuoni kaipeleka yake kwa fundi mmoja mjini, jina silitaji na duka silitaji, na nilikuwa nae. Fundi mwenyewe mtu wa watu, mcheshi, katupa viti tukae, halafu akaanza:

"Humu ntakutilia gemu elfu sita, kaka."

"Elfu sita za nini sheikh, mie nataka Winning Eleven na Contra."

"Zimo. Kila kitu kimo humu."

Zimo kweli. Winning Eleven ilikuwemo mara nne, mbili za Kijapani, moja haifunguki kabisa, na moja inafika pale pa kuchagua timu inaganda. Contra ilikuwa sawa, tuseme haki. Ila Onion aliyoiweka lilikuwa toleo la zamani sana, waifai hakuiunganisha wala hakumwambia mwenyewe kuwa ipo, na kadi alimrejeshea ile ile iliyokuja na kifaa, nyeusi isiyo na jina la kampuni, na haikuchukua muda ikaanza kupoteza seivu. Binamu anarudi dukani anaambiwa kadi sio dhamana yetu. Elfu 25 hiyo imekwenda.

Hapo kwenye kadi ndo pa kusimama kidogo.

Kadi zinazokuja na hivi vifaa karibu zote ni za bei ya kutupa, na kifaa kama hichi kinaandika kwenye kadi kila saa, kila ukisevu, kila ukizima. Kadi mbovu haifi siku moja, inakula faili moja moja, leo picha imepotea, kesho seivu ya gemu uliyohangaika nayo mwezi mzima haifunguki. Kwa hiyo ukishapata kifaa, cha kwanza kabla ya Onion na kabla ya chochote ni kadi ya kampuni inayojulikana, SanDisk au Samsung, GB 64 inatosha na inabaki. Tatizo ni kuwa mtaani kwetu kadi zenye maandishi ya SanDisk ni nyingi kuliko SanDisk zenyewe. Feki wanazifanya hivi, wanachukua kadi ya GB 8 wanaichezea ndani ili ikichomekwa ijitangaze kuwa ni GB 128, kompyuta inaamini, wewe unaamini, unatia vitu vinaingia tu bila ya kulalamika, halafu vile vilivyozidi zile nane za kweli vinakuwa hewa. Kuna kiprogramu cha bure cha Windows kinaitwa H2testw, kinajaza kadi yote halafu kinasoma kila kitu upya kuona kama kimerudi kilivyo. Kinachukua muda mrefu, kiache kinafanya kazi wee nenda kale. Kikikuletea maandishi mekundu rejesha kadi siku hiyo hiyo na risiti. Mwenye duka akikuuliza umejuaje mwoneshe. Wapo wanaobadilisha bila ya ubishi, na wapo wanaokwambia "kaka hapa tumeuza mzigo mzima hajalalamika mtu isipokuwa wewe".

Haya, kazi yenyewe. Unakwenda kwenye tovuti ya GitHub unatafuta OnionUI, unashusha zipu ya toleo la karibuni, haifiki hata gigi moja kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Kadi lazima ifomatiwe kwa mtindo wa FAT32 na hapa ndo wengi wanapokwama, maana Windows kwenye ile menyu yake ya kufomati ikiona kadi imezidi GB 32 haikupi FAT32, inakupa exFAT na NTFS, na wewe unabonyeza tu kwa sababu ndo zilizopo, halafu ukichomeka kwenye Miyoo unaona kimya. Dawa yake kiprogramu cha Rufus, hichi pia cha bure. Unachagua kadi yako, na hapa tizama vizuri usije ukafuta flashi yenye kazi za skuli za mtu, kwenye sehemu ya kubuti unaweka Non bootable, chini yake FAT32, unabonyeza Start basi.

Halafu unafungua zipu, vile vilivyomo ndani unavimimina vyote moja kwa moja kwenye kadi. Sio unatengeneza folda lenye jina Onion halafu folda zima ndo ulitie kwenye kadi, hapana, kifaa hakiingii ndani kutafuta. Ukiifungua kadi uone hapo hapo BIOS, miyoo, miyoo354, RetroArch, Themes, na lile lenye nukta mbele yake, .tmp_update. Hilo la nukta wenye Mac wanalikosa kwa sababu kompyuta yao inalificha, wanakopi vyengine vyote linabaki, na bila ya hilo hamna kinachotokea.

Unaitoa kadi kwa adabu, usiichomoe tu, unaitia ubavuni mwa Miyoo, unabonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kinakaa cheusi kidogo. Halafu kinakuja kitunguu, maandishi chini yake yanasema inaweka, na wewe hapo huna kazi isipokuwa kuacha kukishika shika. Kikimaliza kinafungua orodha ya vifurushi, yaani uchague mashine zipi za zamani unataka kuzicheza, na ushauri wangu usiweke tiki kila mahali kwa tamaa, mie nimetia zile ninazozijua tu na menyu yangu ni safi, na ukitaka kuongeza baadae orodha ile ile ipo unarudi unaongeza.

Gemu nazo kila moja na folda lake ndani ya Roms, za Famicom zinakwenda FC, Super Famicom SFC, Mega Drive MD, Game Boy Advance GBA, za PlayStation PS. Za kaseti unaweza kuziacha ndani ya zipu zinafunguka hivyo hivyo. Za PlayStation hapana, hizo zitoe kwenye zipu, na ukiweza zigeuze kuwa faili aina ya CHD zinapungua ukubwa na kila gemu inakuwa faili moja badala ya kurundikana vipande. PlayStation pia inataka faili la bios, ile programu ya kuwashia mashine yenyewe ya asili, ndani ya folda la BIOS, na nusu ya malalamiko ya "gemu za PS zangu hazifunguki" ni hilo faili halipo, wala sio kifaa kibovu.

Jengine lieleweke maana naona watu wanaogopa bure, wanasema wakikosea kitakufa. Onion haigusi kumbukumbu ya ndani ya kifaa. Inaishi kwenye kadi. Ukiharibu unafomati kadi unaanza upya, ukiitoa kadi kifaa kinabaki kilivyotoka kwa Mchina. Kuna apdeti nyengine ya fimwea ya kiwandani yenyewe, ile inayoandikwa ndani ya kifaa, na hiyo ndo yenye hatari kwa sababu ikikatika katikati kifaa kinaweza kisiwake tena. Kama Onion inawaka na gemu zinacheza hiyo ya ndani iache ilivyo. Fundi akikwambia lazima aiguse muulize kwa nini.

Sasa utamu wake. Unacheza, adhana ya magharibi inaadhiniwa, unakishikilia kitufe cha kuzima kidogo. Hutafuti pa kusevu, hurudi kwenye menyu, inajisevu yenyewe pale pale ulipo inajizima. Unakwenda msikitini unarudi, unawasha, upo pale pale, yule adui bado yuko hewani anakurukia. Na ukibonyeza kitufe cha Menu katikati ya gemu zinakuja picha za gemu zako za karibuni zimepangwa, unasogeza kushoto kulia unaingia nyengine na ile ya mwanzo imeshajisevu. Hiyo GameSwitcher peke yake kwangu mie ni sababu ya kutosha. Ramadhani iliyopita baraza yetu hii ilikuwa inazunguka mkono kwa mkono baada ya tarawehe, mmoja anacheza yake, akichoka anabonyeza Menu, mwengine anaingia yake, hamna anayemfutia mwenziwe. Ami yangu aliyekulia kwenye vigemu vya kaseti vya kuchomeka kwenye tivi akashika Contra akakataa kuirudisha mpaka betri ikamwambia, na hata hapo haikumzimikia hovyo, chaji ikishuka sana Onion inasevu kwanza ndo inazima, kiwango chenyewe unakichagua kwenye Tweaks, setingi za Onion.

Betri kwangu inafika masaa matano hivi nikiwa na za Game Boy Advance, PlayStation inapungua. Kwa kisiwa ambacho kimeshakaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mie betri siichezei, na hii ya kutoka kirahisi naipenda. Meli ya usiku ya kwenda Mkoani unafika Pemba na chaji imebaki ukilala lala kidogo njiani. Chaja tumia ya kawaida ya volti 5. Zile chaja za fasti za simu mpya kaa nazo mbali, wenye hivi vifaa wameshaonyana sana juu ya hilo.

Waifai iunganishe, usifanye kama binamu. Ni ya 2.4 sio ya 5, kwa hiyo kama ruta yako ina majina mawili tafuta lile la 2.4. Ukishaunganisha unaweza kuiapdeti Onion hewani bila ya kuitoa kadi, unavuta picha za makasha ya gemu, na unaweza kuwasha seva ya faili ukatia gemu kutoka kwenye simu kwa brauza, laptopu haihitajiki tena. Kuna pia Activity Tracker inayohesabu umecheza gemu gani kwa masaa mangapi. Hiyo wenye wake msiioneshe.

Mabaya yapo. Kijiti cha analogi hamna, kwa hiyo gemu za PlayStation zilizofanywa kwa ajili ya vijiti viwili zisahau. Waya wa kutoa picha kwenye tivi hamna. N64, Dreamcast, PSP, hizo pia sahau, mtu akikuuzia hii kwa kukwambia inacheza PSP anakudanganya mchana kweupe. Spika ni moja na ina kelele za kopo, tia hedifoni. Vitufe vya nyuma L na R vimebanana, mwenye vidole vinene kama mie akicheza Tekken 3 kwa muda mkono unakufa ganzi. Na hewa yetu ya chumvi hii, ukiwa mtu wa Forodhani na Kizingo kila jioni kama mie, itilie kikava na uifute, mie kitufe cha chini kwenye vile vya kuelekezea, vyenye umbo la alama ya kujumlisha, kimeanza ukaidi.

Watu wananiuliza kwa nini sio Anbernic, kampuni nyengine ya vigemu hivi. RG35XX ile ya mwanzo, ya mwisho wa 2022, ni nzuri, RAM yake MB 256, ina nafasi mbili za kadi na tundu la HDMI, ila waifai haina, na fimwea yake GarlicOS haiwekwi kwa kukopi faili, lazima uflashi imeji nzima kwenye kadi kwa Rufus au balenaEtcher, hatua ni nyingi zaidi kwa mtu wa mara ya kwanza. Zile za baadae, Plus na H, zina chipu ya H700 na RAM ya gigi moja, zina nguvu kuliko Miyoo, na kwao wengi wanatumia fimwea za muOS au Knulli. Kama shida yako ni vijiti vya analogi chukua RG35XX H. Kama unataka kitu cha mfukoni kinachowaka na kuzima kwa sekunde, mie bado nipo Miyoo.

Halafu hizo gemu elfu sita. Onion haiji na hizo gemu za kampuni wala bios, na sio kwa uchoyo, ni kwa sababu gemu zina wenyewe mpaka leo, kampuni zilizozifanya haki zao hazijafa kwa kuwa gemu ni ya 1990. Nintendo hasa hawana masihara, Machi 2024 waliokuwa wakitengeneza Yuzu, emyuleta ya Switch, yaani programu ya kuigiza mashine hiyo ya Nintendo, walikubali kulipa dola milioni 2.4 na mradi wakaufunga. Sisemi kuna atakaekuja Darajani na karatasi ya mahakama kutafuta kadi yako. Nasema fundi anaposema anakuuzia gemu elfu sita, anakuuzia kisicho chake, na nusu yake hakifunguki. Zipo gemu mpya za Game Boy ambazo watu wanazitengeneza sasa hivi na kuzitoa bure kwa ridhaa yao kwenye tovuti ya itch.io, nyengine nzuri kuliko ulizokua nazo, na zinaingia kwenye folda la GB kama kawaida.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii, laki na sabini kifaa, ile elfu 25 ya fundi na kidogo juu yake ndo kadi ya GB 64 ya kweli, Onion bure. Kama laptopu huna kabisa na unataka kumpa mtu, mpe kijana wa mtaani anaejua, mlipe ya soda, ukae nae pembeni utizame, na kadi uende nayo wewe. Na mwenye ile Miyoo Mini ndogo ya inchi 2.8 aliyeifungia kabatini asinunue mpya kwanza, Onion yake ni hii hii na zipu ni hiyo hiyo moja, atakachokosa ni mambo ya waifai tu.